Kikundi cha wanafunzi wa ukutubi: fanyeni kazi za mikono kila wiki

Mdogo wangu, umesema kikundi chenu cha ukutubi, yaani kazi ya maktaba, pale Bagamoyo kilianza na watu wengi, sasa kila Jumatano mnabaki wanne mkisikiliza mada. Mada mnazipata darasani. Watu watarudi wakiwa na kitu cha kushika.

Anzeni na uainishaji, yaani kupanga vitabu kwa kile vinachoeleza. Kila mtu alete kitabu kimoja, funikeni namba ya mgongoni, kisha kila mmoja aandike namba ya Dewey (mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa namba) anayoona inafaa. Mkileta vitabu vya samaki mtabishana mpaka Magharibi: kinachoeleza samaki kama viumbe kinakaa 597, cha uvuvi 639.2, cha mapishi yake 641.692. Na kile kinachochanganya uvuvi na upishi? Hapo ndipo mtu anajifunza kazi, maana lazima asome yaliyomo, ajitetee mbele ya wenzake. Mimi nilielewa Dewey kwa mabishano kama hayo, si kwa kukariri.

Wiki nyingine tengenezeni vitabu vilivyochanika. Gundi ya unga wa ngano iliyopikwa ikalainika, karatasi nyembamba, brashi ndogo. Selotepu msiiguse kabisa. Inageuka njano na kuacha utando unaoharibu ukurasa.

Mara moja kwa mwezi nendeni shule ya msingi ya jirani mkawasomee watoto hadithi. Ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu mapema, kwa barua.

Na tafadhali, msibadilishe siku wala saa. Hata mkiwa watatu, anzeni.