Bluu imetoka zambarau, nani alipe?

SWALI: Shikamoo mzee. Natengeneza kadi za harusi hapa Makorora, Tanga, kwa programu ya CorelDRAW. Bi harusi mmoja alitaka bluu ya bahari, nikamwonyesha kwenye kompyuta, akaipenda. Kadi 300 ziliporudi kutoka kiwandani zilikuwa zambarau, kazikataa zote. Nikaipeleka kesi kwenye kikao chetu cha watumiaji wa programu za kubuni, nawe ulikuwepo, umekaa nyuma. Wapo waliosema kosa ni la mchapaji, wapo waliosema ningefanya kazi kwa CMYK, zile rangi nne za wino, tangu mwanzo, wengine wakang'ang'ania RGB, rangi tatu za mwanga. Tukatawanyika bila jibu. Nani alipe?
Kijana wa kadi, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu. Siku ile nilinyamaza kwa sababu kila mtu alikuwa anasema, na mimi nilikuwa na kahawa yangu. Tuanze na hela: utalipa wewe. Ulipofungua faili niliziona namba. Bluu yako imeandikwa sayani, yaani wino wa samawati, asilimia 100, na majenta, wino wa waridi kali, asilimia 100. Ukimwaga majenta yote juu ya sayani yote, mashine yoyote itakupa zambarau, hata ikiwa imetoka bandarini jana. Mchapaji kachapa ulichomwandikia. Acha sayani kwenye 100, shusha majenta hadi 60 au 70, bluu itarudi. Sisi wa mashineni tulizoea hivyo: majenta ikae chini ya sayani kwa 30 angalau.

Sasa kioo cha kompyuta kilikudanganyaje? Kioo kinatoa mwanga wake chenyewe, mwekundu, kijani na bluu. Karatasi haina mwanga. Wino unameza sehemu ya mwanga unaoiangukia, jicho linapata masazo. Zipo bluu na kijani kali ambazo kioo kinaziweza na wino hauziwezi kabisa, hata umbembeleze vipi.

Halafu zile laptop sita mlizozipanga mezani na picha ileile ya khanga. Kwenye moja pindo lilikuwa damu ya mzee kama khanga yenyewe. Ya pili, nyekundu ya nyanya. Ile ya dirishani ilipauka kama nguo iliyoanikwa juani tangu Ramadhani. Faili moja, khanga sita! Mkacheka, kisha mkarudi kugombania CMYK. Mimi nilitaka mbaki pale pale kwenye kicheko.

Maana namba za rangi peke yake ni kama kusema "nipimie makopo matatu ya mchele" bila kusema kopo la nani. Kila kioo na kila mashine ina kopo lake. Ndiyo maana mwaka 1993 kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, zilianzisha ICC, chombo cha kimataifa cha mambo ya rangi, ili wakubaliane namna ya kueleza ukubwa wa kopo. Maelezo hayo ndiyo profaili. Ukihifadhi faili, hakikisha profaili imo ndani. Kabla hujaanza kazi, mpigie mchapaji umuulize anatumia ipi kwa karatasi yako, kwa sababu karatasi ya kung'aa na isiyong'aa hazinywi wino sawa. Akikupa, iweke kwenye programu uwashe onyesho la uchapaji, linalokuonyesha kwenye kioo kazi itakavyotoka karatasini. Bluu yako ingegeuka zambarau mbele ya macho ya bi harusi hapo hapo, kabla hujatoa hata senti.

Ugomvi wenu wenyewe naumaliza hivi: picha ziache RGB mpaka mwisho, maandishi meusi yawe nyeusi 100 peke yake. Herufi ndogo nyeusi ikitengenezwa kwa wino nne, pleti, bamba la kuchapia la kila wino, ikisogea kidogo tu jina la bwana harusi linaota kivuli.

Na vioo vyenu vipunguzeni mwanga, vinawaka kama karabai. Kuna kifaa kidogo cha kupimia kioo, kinatundikwa juu yake kinasoma rangi na kutengeneza profaili. Mtu mmoja ataona ghali, ila nyie mlikuwa zaidi ya kumi na mkachangia soda. Changieni kifaa, kizunguke.

Kadi nyingine, omba prufu ya karatasi, yaani nakala ya majaribio, itoe nje uitazame kivulini mchana. Ile taa ya ofisini kwenu ina ukijani, hata mimi nilionekana mgonjwa chini yake. Mteja akiridhika asaini juu ya prufu. Ungekuwa na saini, tungekuwa tunazungumza mengine kuhusu hela.

SWALI: Mzee, mimi niko Bagamoyo, nachapa fulana. Wateja wangu wengi wako Dar, nawatumia rangi kwa WhatsApp waidhinishe. Kuna ubaya?
Muuza fulana, Bagamoyo

JIBU: Upo. WhatsApp inaibana picha, na simu nyingi zimewekwa rangi zikolee ili zivutie dukani. Kwenye simu mteja asome herufi tu. Kuhusu rangi, chapa kipande kimoja kwenye kitambaa kilekile, kipakie kwenye basi la asubuhi, akakipokee stendi.