Barua kwa mwanangu: watu wamepungua, mafunzo yabaki

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako. Unasema tangu ukabidhiwe kikosi cha zimamoto cha kujitolea, waliokuwa wakikimbilia king'ora mchana sasa wanafanya kazi mbali, vijana hawajiungi, na wakongwe wanakushauri upunguze saa za mafunzo ili watu waje. Unauliza uwasikilize au la.

Kwa anayeingia kwenye moshi, usipunguze hata saa moja. Ila jiulize kwanza ni wangapi hasa wanaotakiwa kuingia.

Chukua daftari la miito ya miezi 12. Kwa kila mwito andika siku, saa, na waliofika kweli. Majina ya kwenye orodha hayazimi moto. Pengo mara nyingi liko asubuhi hadi alasiri siku za kazi. Wawili wakiingia, wawili wawe nje wamevaa tayari kuwaokoa, na mtu wa pampu ni wa tano. Kama saa nne asubuhi hufika wanne tu, kikosi jirani kiitwe tangu simu ya kwanza, msingoje hadi moto ushike paa. Makubaliano hayo yaandikwe, na mjaribu mapema kama mipira yao ya maji inaungana na yenu. Baltimore ilipoungua mwaka 1904, vikosi vilivyotoka miji mingine vilikuta viungio vyao havikubali bomba za pale.

Kisha gawanya kazi. Pampu, redio, kubadilisha mitungi ya hewa ya kupumulia, hesabu na fomu: hizo zina mafunzo yake, mafupi zaidi, na mwenye goti bovu anaziweza. Hapo ndipo pa kuwapata watu wapya. Wote wapimwe moyo na presha, maana moyo huwaua wazimamoto wengi hata pasipo moto mkubwa.

Kazi moja usiidharau: kibao cha mlangoni. Anayekishika huandika jina, saa ya kuingia na kipimo cha mtungi. Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi shinikizo la bar 200 una hewa lita 1,200. Anayevuta mpira na kupanda ngazi hupumua lita 60 kwa dakika, pengine zaidi, kwa hiyo zile "dakika 30" zinazotajwa kwa mtungi huo ni 20, na filimbi ya onyo, inayolia shinikizo likishuka hadi bar 50, italia kwenye dakika ya 15. Hewa ya kurudia iwe mara mbili ya ile ya kuingilia: aliyetumia bar 40 kufika ndani ageuke kabla hajashuka chini ya 80. Anayengoja filimbi ndiyo ageuke, amechelewa. Kosa la kawaida ni mshika kibao kuitwa asaidie kuvuta mpira. Akiondoka, hakuna anayejua nani yuko ndani.

Wakongwe watakwambia moto ni ule ule. Sivyo. Makochi ya sponji na plastiki yanaweza kuwasha chumba kizima chini ya dakika 5. Moto uliokosa hewa hutulia ukadhani umekufa, kumbe unangoja mlango. Kwa hiyo mlango usifunguliwe kabla mpira haujajaa maji, na anayeufungua abaki ameushika.

Vita vyako vikubwa vitakuwa vya masizi. Kuna wanaojivunia koti jeusi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la 1, la vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pale pale eneo la tukio, kabla ya kuvua barakoa, mtu asuguliwe kwa brashi, maji na sabuni kidogo, kuanzia kofia hadi buti. Nguo zifungwe kwenye mfuko, zisipande kwenye kabini mlikokaa, wala zisifuliwe nyumbani pamoja na za watoto. Kama hamna seti ya pili, nunua hiyo kabla ya taa mpya za gari, maana asiye na ya kubadili atavaa ile chafu usiku huo huo.

Mkongwe anayebisha zaidi mpe ile brashi aisimamie.

Mama yako