Kiti nilichokiwamba kwa kamba kimebonyea: nimekosea wapi?

SWALI: Fundi, salaam. Nina kiti cha mbao ambacho kikalio chake kilioza, nikakiwamba upya kwa kamba ya plastiki ya milimita 6, mtindo ule wa kona nne unaoacha mistari ya mshazari ikikutana katikati. Kati ya mguu na mguu, mbele kina sentimita 45, nyuma 38, na kila upande 40. Nyuma ilijaa mapema, mbele likabaki pengo la kama sentimita 7, nikaliziba kwa kuzungusha kamba kwenye mti wa mbele peke yake. Mwezi mmoja baadaye kikalio kimebonyea kama bakuli. Je, naweza kukikaza bila kufumua? Na kama ni lazima nianze upya, ninunue kamba mita ngapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kufumua hakukwepeki. Katika mtindo huu kamba hujikalia yenyewe kwenye kila kona na kujibana. Ukivuta ncha ya mwisho utakaza mzunguko mmoja au miwili ya katikati. Ile iliyo karibu na miguu haitasikia chochote. Ukazaji hufanyika kona kwa kona wakati wa kuwamba, na ukishapita umepita.

Kamba yenyewe ina sehemu yake ya lawama. Plastiki ya kawaida, yaani polipropilini, hurefuka polepole ikibeba uzito na hairudi ilivyokuwa, hata kama uliivuta kwa nguvu zako zote. Juu ya hayo inateleza, na jua huila. Usiirudishe kwenye kiti hicho. Chukua poliesta iliyosukwa, milimita 6: hairefuki sana na haijifungui unapoizungusha. Mkonge nao hurefuka kidogo tu, ila hukwaruza mapaja na kudondosha nyuzi. Ukiuchagua, uwambe ukiwa mkavu. Kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za mimea hujifupisha ikilowa na kurefuka tena ikikauka, kwa hiyo kiti kilichowambwa kwa kamba mbichi hulegea siku mbili baadaye.

Kosa kubwa, hata hivyo, ni lile pengo la mbele. Kiti chako ni kipana mbele kuliko nyuma, na mtindo wa kona nne hutaka umbo la mstatili. Ulipoanza kuzunguka kona zote tangu mwanzo, kamba za mbele kwenda nyuma zilikaa mshazari, kona zikakosa pembe mraba, na kamba zikawa zinatelezeana kila mtu anapokaa. Zile ulizozungusha kwenye mti wa mbele pekee hazibebi mtu, ni pambo tu.

Dawa ni kuzijaza kona mbili za mbele kwanza. Toa 38 kwenye 45, inabaki 7. Gawa kwa mbili, unapata sentimita 3.5. Pima kiasi hicho kutoka kila mguu wa mbele na utie alama ya penseli juu ya mti wa mbele. Kati ya alama na alama sasa ni sentimita 38, sawa na nyuma. Kwa kamba ya milimita 6 utahitaji vipande sita kufikia alama hizo, kila kimoja cha mita moja na nusu hivi.

Pigilia ncha ya kipande cha kwanza kwa msumari mdogo wa kichwa bapa upande wa ndani wa mti wa kushoto, karibu na mguu wa mbele. Ipitishe kamba juu ya mti wa mbele, ubavuni mwa mguu, izungushe chini na kuitoa juu kupitia uwazi wa kikalio. Ivuke kamba yake yenyewe, ipite juu ya mti wa kushoto, izunguke chini, kisha iende moja kwa moja hadi mti wa kulia. Huko ipite juu ya mti wa kulia, izunguke chini, itokee katikati, ipite juu ya mti wa mbele, izunguke chini tena, na umalizie kwa msumari upande wa ndani wa mti wa kulia. Kinachofuata hukaa ubavuni mwa hicho, na msumari wake nyuma kidogo ya ule wa kwanza. Misumari isizidi milimita 15, na kama mti ni mgumu toboa kwanza, maana mti mwembamba hupasuka.

Ukifika kwenye alama, ndipo uanze mizunguko kamili: kona ya mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto, kisha mbele kushoto tena. Kanuni ni moja kote: kamba ikifika kwenye kona hupita kwanza juu ya mti inaouendea, huzunguka chini, hutokea katikati, hujivuka, hupita juu ya mti wa pili wa kona hiyo, ndipo huelekea kona inayofuata. Ukiona kamba mbili zimelala sambamba pale zilipopaswa kuvukana, umeruka hatua. Rudi palepale, kwa sababu kosa la mzunguko wa tatu huonekana hadi wa thelathini.

Kwenye kila kona, vuta kwa mkono mmoja huku kidole gumba cha mkono wa pili kimebana mahali kamba inapojivuka, na usiachie gumba mpaka kamba imeshapita mti wa pili. Watu wengi huachia mapema, kamba ikarudi milimita mbili tatu. Zidisha hizo kwa kona zaidi ya mia moja, utajua bakuli lako limetoka wapi. Kila baada ya mizunguko minne, sukuma kamba zibanane kwa kipande cha mbao na nyundo nyepesi, kisha pima kona kwa skwea, au hata kwa kona ya kitabu chenye jalada gumu. Zikianza kupinda, sogeza wakati huohuo.

Kabla ya hayo yote, tikisa fremu. Kamba iliyokazwa vizuri huivuta miti ya fremu kuelekea ndani, na kiungo kilicholegea kitazidi kulegea. Kitie gundi na ukiache siku nzima. Kingo kali za mti zipige msasa zilainike.

Kuhusu kiasi: mzunguko kamili mmoja hutumia milimita 12 za kila mti, yaani kamba mara mbili. Vipande sita vya mwanzo vimekula sentimita 3.6 za miti ya kando, zimebaki 36.4, ambazo ni mizunguko 30. Kwenye kiti chako kila mzunguko hula takriban mita 3, jumla 90. Ongeza mita 9 za vipande vya mwanzo na mbili za kumalizia. Nunua 115, kwa sababu maungio nayo hula. Ukitaka kamba ya milimita 4, hesabu mara moja na nusu ya hapo.

Fanya kazi na kamba ya mita 8 hivi kwa wakati, vinginevyo utashinda ukivuta kamba badala ya kuwamba. Unganisha kwa fundo la kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia. Kwa kuwa poliesta ni laini, shona ncha za fundo kwa uzi imara. Fundo likae chini ya kikalio, kati ya mti na mti, lisikae kamwe juu ya mti.

Uwazi wa katikati ukibaki kama wa kiganja, simama ujaze. Kati ya tabaka la juu na la chini pana mifuko. Kata pembetatu za katoni ngumu, mbili kwa kila mti, ncha ikielekea katikati, uzisukumize humo kutokea chini. Hizi huzuia kamba za juu zisisagike kwenye mti na hukipa kikalio ugumu. Ukichelewa, mkono hauingii tena.

Miti ya kando ikishajaa, mbele na nyuma patabaki kama sentimita 2. Pajaze kwa kamba tatu za mbele kwenda nyuma: juu ya mti wa mbele, chini, zitokee katikati, juu ya mti wa nyuma. Ncha ya mwisho igeuze chini, ifunge kwenye kamba iliyo mkabala mara mbili, acha sentimita 5 na uzichomeke ndani ya kusuka kwa bisibisi butu.