Jibu kwa dada wa Chake Chake: binti wa Kiislamu na lugha katika skuli ya Wakatoliki

Assalaam alaykum dada yangu. Umeuliza kama umruhusu binti yako aje Unguja kuanza kidato cha kwanza kwenye skuli ya Wakatoliki, kwa vile anapenda lugha na mmeambiwa Kifaransa kinasomeshwa vizuri, ila baba yake anahofia atarudi si yule aliyemtoa nyumbani. Mie nimesoma skuli ya namna hiyo miaka minne. Ni Muislamu, mtoto wa chuoni, yaani madrasa, na leo natembeza wageni Mji Mkongwe kwa Kifaransa. Nakujibu kwa yaliyonipitia.

Dini yangu hakuna aliyeigusa. Asubuhi wenzetu wakisali, sisi tulisimama kimya. Ushungi tulivaa, na jioni nilikwenda chuoni kama kawaida. Mwezi wa Ramadhani masista ndio waliokuwa wakali kwa yeyote aliyekula mbele yetu. Lakini uliza mapema, maana kila skuli ina utaratibu wake.

Nilibadilika, sikatai, ila si kwa namna anayoiogopa baba yake. Siku moja, kidato cha pili, sista wetu wa Kifaransa aliandika ubaoni "du vin" akatutamkisha mmoja mmoja, sauti ipitie puani. Kisha akauliza, hapo mnasikia neno gani la Kiswahili? Msichana wa mbele, Mkatoliki, akaruka: "Divai!" Ndilo wanalolitumia kwenye misa. Sista akatueleza kwamba wamisionari wa Kifaransa walifika hapa mwaka 1860 kutokea kisiwa cha Réunion, na neno lao likabaki vinywani mwetu. Chini yake akaandika "mvinyo", ambalo Wareno walituachia kutoka "vinho" yao. Halafu akanigeukia mimi akanipa chaki. "Wewe unasoma chuo. Tuambie 'kanisa' limetoka wapi."

Mkono ulinitetemeka, lakini niliandika kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, darasa zima kimya: kanisa, msalaba, Injili, sadaka, rehema. Yule msichana alitoa macho. Maneno aliyosali nayo tangu mdogo yalikuwa ya lugha ninayosomea msahafu. Alikuja na daftari lake saa ya mapumziko nimuandikie tena polepole. Mpaka leo Idi anakula kwetu.

Tangu siku ile sikuacha kuuliza. Gereza, kumbe, ni "igreja", yaani kanisa kwa Kireno! Ukija Forodhani itazame Ngome Kongwe: Waarabu wa Oman waliijenga palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ikatumika kufungia watu. Na nyinyi huko Pemba mna mchezo wa ng'ombe, ambao wengi wanauhusisha na Wareno hao hao. Baadaye nikaonyeshwa kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya padri Charles Sacleux, iliyochapwa Paris mwaka 1939. Anakutengea neno la Unguja, la Mvita (Mombasa), la Amu (Lamu). Mfaransa alikaa akasikiliza wavuvi na kina bibi mpaka akajua nani anasema nini wapi. Nilijisikia vibaya kwamba mie mwenyewe sikuwahi kumsikiliza bibi yangu hivyo.

Sasa nikwambie lililoniuma. Skuli ile ile ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unasema Kiswahili uwanjani unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwengine. Nilikivaa siku nzima kwa kusema "nipishe". Hapa Unguja, ambapo lahaja yetu ndiyo iliyochaguliwa iwe msingi wa Kiswahili sanifu! Nililia nyumbani. Mtoto anayependa lugha ukimfunza kuona haya ya lugha ya mama yake, umemvunja mguu ndipo umwambie akimbie. Walimu wetu wengi walikuwa wema, lakini hilo sijalisamehe, na kama skuli mliyoipata bado ina kibao, mkatae hata kama Kifaransa chao ni cha namna gani.

Kuhusu mtihani, alama zangu zilikuwa nzuri tu, lakini usidanganyike na alama. Nilikuwa najua kunyambua "être" na "avoir" usiku na mchana, ila mama mmoja wa Kifaransa aliponiuliza pale Minara Miwili, kanisa kubwa la Wakatoliki Mji Mkongwe, nani alilijenga, ulimi uligoma. Nilijua jibu: mapadri wa kwao, miaka ya 1890. Nikabaki kuonyesha kwa vidole. Tangu hapo, kwa miezi sita, nikawa nakwenda Forodhani kila Jumamosi na kaka yangu, kusema tu na wageni, makosa na yote. Miezi sita ile ilinipa zaidi ya daftari nne.

Kwa hiyo mkija kuiangalia skuli, ombeni kukaa nyuma ya darasa kipindi kimoja cha Kifaransa. Watoto wakiwa wanasema, hata kwa kukosea, mwache. Wakiwa wananakili ubaoni tu kengele mpaka kengele, mtafutie pengine, na mie nitakusaidia kutafuta.