Milioni tatu na nusu: Boxer mpya au XL ya mkono wa pili niipambe?

Waalaykum salaam mdogo wangu wa Wete. Umesema una milioni tatu na nusu ya karafuu, hujui ununue pikipiki mpya aina ya Boxer au uchukue Honda XL ya mkono wa pili halafu itakayobaki uipambie, na umelalamika bei zimepanda mpaka kichwa kinauma. Ntakujibu kwa urefu kidogo maana kazi yangu ndo hii, nanunua vyombo, natengeneza, nauza hapa Mjini Unguja na vyengine navivusha Pemba, na kilio hichi nakisikia kwa wateja wangu wote.

Tuanze na bei. Boxer 150 mie nimeuza milioni mbili na laki mbili na mtu akaondoka na helmeti yake juu, na hapo nazungumzia kabla ya korona tu, si enzi za wazee. Leo ukiingia dukani na milioni tatu kavu watakukaribisha vizuri lakini chombo hutoki nacho mpaka uongeze. Watu wanasema wauzaji wana tamaa, na wenye tamaa wapo sikatai, lakini hesabu haianzi pale dukani. Pikipiki zinatoka India na China na zinanunuliwa kwa dola, mwaka 2021 dola ilikuwa shilingi 2,300 hivi, mwaka 2024 ikapita 2,600, maana yake hata kiwanda kisipopandisha kitu wewe wa hapa ushapandishiwa. Bado meli. Nauli za makontena zilipaa dunia nzima 2021, zikashuka, mwisho wa 2023 meli zikaanza kushambuliwa Bahari Nyekundu na makampuni yakawa yanazungusha meli zao huko kusini kabisa mwa Afrika. Mzigo wetu sisi wa India na China haupiti Bahari Nyekundu, lakini meli zikikaa njiani muda mrefu zinakuwa chache kwa kila mtu na nauli inapanda mpaka kwetu.

Halafu sisi ni watu wa visiwani. Mzigo mwingi unashuka Dar au Mombasa, unapakiwa tena kuja bandari ya Malindi hapa Unguja, wa kwako wewe unapakiwa mara nyengine mpaka Mkoani au Wete, na kila pahala unaposhuka kuna makuli, kuna karatasi na kuna mtu anataka chake. Ndo maana spea ya alfu kumi Kariakoo ukiikuta Chake alfu kumi na tano usigombane na mwenye duka, na yeye keshalipa.

Wanaoumia kweli ni vijana wa mkataba. Bodaboda analeta alfu kumi kwa siku kwa tajiri, chombo kikiwa cha milioni mbili na kidogo mkataba ulikuwa mwaka anamaliza chombo kinakuwa chake, sasa wananambia mwaka na nusu na zaidi, na matengenezo yote juu yake. Akija kumaliza injini nayo ishachoka. Hili linaniuma kwa sababu nawajua, wengine nimewauzia mie hao matajiri wao.

Sasa swali lako khasa. XL ni chombo kizuri, juu, kinapita njia za Konde na Micheweni bila kugusa chini, na najua moyo wako uko huko. Lakini hizi zinazouzwa kwa milioni mbili na nusu nyingi zimetoka kwenye kukodishwa wageni, Nungwi huko, Paje, Jambiani. Utaikuta inang'ara. Wewe tangi usiliangalie kabisa. Ngoa siti uangalie boksi la betri na boliti zake, kisha lala chini kabisa utizame upande wa chini wa swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, pale karibu na cheni, na pitisha kidole ndani ya madigadi ya nyuma, rangi mpya haifiki huko. Kutu ikitoka magamba magamba mkononi ujue hichi kimelala pwani miaka. Tizama kabureta, ukiona unga mweupe juu ya alminiamu ndo kazi ya chumvi hiyo. Chukua spana ndogo ugonge spoku moja moja, zilizo nzima na zilizokaza zinalia sauti inayofanana, iliyolegea inatoa sauti butu, na ukikuta nyingi zinalia hivo hiyo rimu ni ya kusukwa upya. Kamata gurudumu la nyuma ulitikise kushoto kulia, likicheza basi ni bushi za swingamu au beringi, vyote viwili ni pesa. Na injini uiwashe mwenyewe ikiwa ya baridi, ukifika ukakuta ekzosi ina moto tayari mwambie utarudi kesho.

Jengine ni spea. Injini ya Honda CG125 imetoka mwaka 1976 na viwanda vya China vimeinakili mpaka leo, kwa hiyo pikipiki nyingi za Kichina unazoziona barabarani ndani zina mpangilio ule ule, pistoni, ringi, sahani za klachi utazipata hata duka la kijijini na fundi wa chini ya mwembe anaijua kwa macho kafumba. Boxer na TVS nazo spea zimejaa. XL ya zamani orijino ndo unaanza kutafuta, unapiga simu Mjini, Mjini wanapiga Dar, chombo kimesimama. Ukikosa unatiwa kopi, na kopi ya cheni mie nimeona inavutika mwezi haujaisha, inakula na meno ya spoketi, unanunua seti nzima tena. Hapo ndo bei inapokukamata kweli kweli, sio ile siku ya kununua.

Kwa hiyo jibu langu: chukua Boxer mpya, ongea na muuzaji mpaka ibaki laki tatu au nne mkononi, na pesa hiyo ndo ya kuipamba. Na kupamba sisemi vibaya, mie mwenyewe nimekulia kwenye Vespa za Mji Mkongwe, vioo pande zote, siti ya rangi mbili, mtu anapiga polishi Ijumaa kabla ya sala, chombo kilichopendezeshwa kinatunzwa na mwenyewe na hata kukiuza kinauzika. Ninachokuomba ni mpangilio wa pesa inapoanzia.

Anza na tairi ya mbele, nyengine zinazokuja na chombo ni ngumu na mvua ikinyesha kwenye vilima vya kwenu kati ya Chake na Wete zinateleza. Kisha spoketi ya mbele yenye jino moja pungufu, bei yake ndogo na utaona tafauti siku hiyo hiyo ukimpakia mtu na gunia kwenye mlima, ijapokuwa kwenye njia ya sawa injini itazunguka zaidi na mafuta utayasikia kidogo, kwa hiyo kama safari zako nyingi ni za tambarare iache ilivo. Gadi ya mbele na keria usinunue zile za kuagiza, nenda kwa fundi wa kuchomea akupimie bomba, ni nusu ya bei na zinatoka nzito zaidi, mwambie tu apige rangi ya kuzuia kutu mpaka ndani ya mdomo wa bomba. Siti vilevile, fundi wa makochi anakushonea kwa mshono unaoutaka mwenyewe, ila mwambie sponji asiichonge sana maana wanapenda kuifanya nyembamba ipendeze, halafu mama watoto akipanda mpaka Mkoani mgongo unamuuma.

Taa ndo naona vijana wanaunguza pesa. Wanafunga zile baa za LED mbili tatu na honi ya mluzi, stati, ile koili ya injini inayotoa umeme, kwenye pikipiki ndogo hii haina umeme wa kutosha, betri inakufa, baadae rektifaya inayochaji betri au stati yenyewe inaungua na hapo ushatumia zaidi ya bei ya taa mara kadhaa. Moja inatosha, ifungwe na swichi yake na fyuzi yake, na iangalie chini, usimtie upofu anaekuja mbele. Ekzosi ya kelele mie sifungi kwa mteja hata anilipe mara mbili. Kelele inakera wagonjwa na watoto waliolala, askari atakusimamisha, na ukibadilisha ekzosi bila kurekebisha kabureta injini inaenda kavu, hewa nyingi petroli kidogo, na inapata joto.

Weka na pesa ya bima, leseni ya barabara na helmeti mbili nzima, usije ukazila zote kwenye stika. Kadi iandikwe jina lako siku hiyo hiyo. Na kama utaniasi ukachukua XL (nakujua), linganisha namba ya chesisi na kadi kabla hujatoa hata shilingi, ikiwa chombo kina namba za Bara ulizia kwanza forodha na ZRA, mamlaka ya mapato Zanzibar, unadaiwa nini, wapo waliouziwa rahisi wakaja kulipa pale walipotaka kusajili.

Ukishaipata, kila ukitoka pwani ioshe kwa maji baridi ya mfereji injini ikishapoa, kausha cheni uipake oili, na chini ya madigadi paka oili chafu. Nitumie picha ya kadi na ya chini ya siti kabla hujalipa ntazitizama, na hapo Wete ntakupa fundi wa kuchomea nnaemuamini.