Mama mkwe anataka saa niliyozaliwa, na maswali mengine ya nyota

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mie nyota nazijua zile za kwenye magazeti tu, unasoma, unacheka, unafunua ukurasa mwingine. Sasa mchumba wangu ni Mhindi, familia yao ni Wahindu, na mama yake kaomba tarehe, mahali na saa niliyozaliwa, tena mpaka dakika, ampelekee mnajimu wao aangalie kama tunaendana. Mchumba mwenyewe anasema yeye haamini ila nitoe tu yaishe. Kama haamini ya nini sasa? Na ni kweli uchumba unaweza kuvunjika kisa mimi Simba na yeye Nge? (Binti Simba)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza sahau hiyo Simba, manake mnajimu wao hata haitazami sana. Kwenye unajimu wa Kihindi kinachoangaliwa zaidi ni mwezi ulikuwa wapi angani ulipozaliwa, njia yake wameigawa vituo 27, ndo maana tarehe peke yake haiwatoshi. Alafu kuna jingine, wao wanapima kwa nyota zenyewe zilipo angani na Wazungu wanaanza kuhesabu pale jua lilipo siku ya majira kugeuka mwezi Machi, na hivyo viwili vimeachana kama digrii 24 hivi, kwa hiyo kama umezaliwa mwanzoni mwa Agosti kwenye gazeti wewe ni Simba na kwa mama mkwe wewe ni Kaa. Mtu mmoja, anga moja!

Wakishapata chati zenu mbili, yani ramani ya anga ilivyokuwa kila mmoja alipozaliwa, wanalinganisha mambo 8 yenye jumla ya pointi 36, na kwa kawaida chini ya 18 watu wanaanza kukunja uso. Kuna na habari ya sayari ya Mirihi, ikikaa vibaya kwenye chati yako unaitwa mangliki na inasemekana ndoa itakuwa na balaa, mwenzio anaweza hata kufa mapema. Ila hata hapo pana mlango wa kutokea: mangliki anaolewa na mangliki mwenzie, au anaozeshwa kwanza kwa mti au chungu ili balaa liishie huko, alafu ndo inakuja harusi ya kweli. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni ndiyo, kuna posa zimevunjika kwa chati, na kuna mnajimu ambaye chati ikikataa anatafuta dawa yake mpaka ikubali. Inategemea wazee wanataka nini toka mwanzo, si unajua watu.

Sasa hilo la kutoamini halafu utoe tu. Mwanangu usilidharau, hapo ndo penye siri yote. Angalia Japani mwaka 1966, mwaka wa Farasi wa Moto, unakuja mara moja kila miaka 60 (na 2026 ni zamu yake tena), imani ya zamani inasema msichana akizaliwa mwaka huo atakuwa mkali na atammaliza mumewe. Basi mwaka 1965 walizaliwa watoto kama milioni 1.82, 1966 wakashuka mpaka milioni 1.36 hivi, 1967 wakarudi milioni 1.9 na zaidi. Yani robo nzima ya watoto wa nchi imepungua mwaka mmoja, nchi yenye viwanda na treni za kasi! Mie sidhani wazazi wote wale walikuwa wanaogopa farasi. Wengi waliogopa kwamba miaka 20 mbele kuna mama mkwe mahali fulani ataamini, na binti yao atakosa mume. Hofu ya imani ya mwenzio inatosha kabisa kukufanya ufate kitu ambacho wewe mwenyewe hukikubali, na mchumba wako yupo hapo hapo.

Kwa hiyo usimuulize tena kama anaamini. Muulize zikitoka pointi 14 utafanyaje, na muulize KABLA hujatoa hiyo saa.

SWALI: Shangazi mimi naona haya mambo ni ya Asia, Wazungu wameshayaacha, kwao ni burudani tu. Tunabishana na dada yangu, tuamulie. (Mbishi)

JIBU: Dada yako ana hoja. Ni kweli kwa wengi ni burudani, utafiti wa 2024 wa kituo cha utafiti cha Pew pale Marekani ulikuta kama watu wazima 3 kati ya 10 wanaangalia nyota, karata za ramli au mpiga ramli angalau mara moja kwa mwaka, na wengi wao wanasema ni kujifurahisha. Hata hizo nyota za magazetini umaarufu wake ulianzia London 1930, gazeti la Sunday Express lilipompa mnajimu R. H. Naylor aandike nyota ya Princess Margaret, binti wa ukoo wa kifalme wa Uingereza aliyekuwa ndo kazaliwa.

Lakini hao hao Wamarekani, baada ya Rais Reagan kupigwa risasi 1981 mkewe Nancy alikuwa anampigia simu mnajimu wa San Francisco, Joan Quigley, na ratiba za rais zinapangwa kufuatana na siku nzuri na siku mbaya. Ilikuja kujulikana 1988 pale Donald Regan, aliyekuwa mkuu wa watumishi wa Ikulu, alipoitoa kwenye kitabu chake, na watu walicheka sana. Tofauti naiona kwenye hicho kicheko. Marekani ilikuwa siri ya aibu, wakati Burma (siku hizi Myanmar) saa ya uhuru ilichaguliwa na wanajimu bila kificho, tarehe 4 Januari 1948 saa 10 na dakika 20 alfajiri, viongozi wote wamesimama na usingizi wao. Na Sri Lanka Rais Mahinda Rajapaksa aliitisha uchaguzi wa Januari 2015 miaka miwili kabla ya wakati na mnajimu wake akiwa amemhakikishia ushindi. Akashindwa.

SWALI: Kwa nini basi nyota yangu kila wiki inanipata mulemule? (Ndoo wa damu)

JIBU: Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake kila mmoja karatasi ya tabia zake, wakaipa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi, kumbe wote kawapa karatasi moja ile ile, na maneno mengi kayatoa kwenye kitabu cha nyota. Wiki ijayo soma ya Mashuke bila kuangalia ya Ndoo, alafu uniandikie.