Betri ya lithiamu huchakaa hata ikiwa kabatini

Mwenzetu ameuliza kwa nini betri zake za kamera, alizozihifadhi mwaka mzima zikiwa zimejaa akiamini kwamba anazitunza, sasa hazidumu kama zamani. Nilipata hasara kama hiyo kwa betri mbili za keekee ya umeme. Moja niliijaza na kuiweka kabatini chini ya paa lenye joto. Nyingine ilibaki na nusu ya chaji katika chumba chenye ubaridi. Miezi kumi baadaye, ile ya nusu ilifanya kazi kama awali, na ile iliyojaa ikawa imechoka.

Seli ya kawaida ya lithiamu-ayoni ikijaa hufikia volti 4.2, na katika hali hiyo elektroliti (kimiminika kinachopitisha chaji ndani ya seli) huendelea kumenyuka polepole na elektrodi (pande chanya na hasi za seli) hata betri isipotumika. Utando ulio juu ya elektrodi hasi huzidi kuwa mnene, na kila unapokua hunasa lithiamu ambayo haitabeba chaji tena. Joto huharakisha jambo hili mno. Makadirio yanayotumiwa sana yanaonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja katika nyuzi 25 za Selsiasi, seli iliyowekwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake, ilhali iliyojaa hubaki na asilimia 80. Katika nyuzi 40, ni 85 na 65. Tusichanganye hasara hii na chaji inayovuja yenyewe, kwa maana chaji hurudi ukichaji, lakini uwezo uliopotea haurudi.

Kwa hiyo huziacha zangu kwenye asilimia 40 hadi 50, nikazitoa ndani ya kifaa, kwani vifaa vingi hunyonya umeme kidogo hata vikizimwa, kisha nikazipima kila baada ya miezi mitatu. Kuziacha ziishe kabisa ni hatari zaidi: volti ya seli ikishuka mno, shaba iliyo upande hasi huanza kuyeyuka, na ukichaji tena inaweza kusababisha shoti ndani kwa ndani. Anayezihifadhi kwenye jokofu ili zikae baridi azifunge zisipate unyevu, na asizichaji kabla hazijapata joto la chumba. Zinazohitajika kwa safari, zijaze usiku wa kuamkia siku hiyo.